Kimondo, Mama Mkwe na Kabureta Mbili

Vitu vya kwanza nilivyovitoa ndani ya Kimondo vilikuwa kuku wawili na mayai kumi na moja. Kuku mmoja alikuwa ameweka makazi kwenye kiti cha dereva, sponji ameichimba vizuri ikawa kikapu, na mwenzake alikuwa chini ya usukani akilinda pedeli. Nilipowagusa walinitazama kama askari wa mpakani anavyomtazama mtu asiye na karatasi. Mama mkwe alipopata habari alituma neno kwamba mayai ni yake, kuku ni wake na gari ni lake, ila gari naruhusiwa kuondoka nalo.

Nawaandikia ninyi vijana wa Mpemba na Tunduma mnaonisimamisha barabarani, simu mkononi, mkiniuliza nililifufuaje lile pikapu jekundu. Mmoja wenu aliniambia niandike, maana nikisimulia kwa mdomo naingia njia za pembeni mpaka msikilizaji anakumbuka ana safari. Basi nimeandika. Njia za pembeni zimo humu pia, mtanivumilia.

Mimi ni fundi magari. Nimeshika spana miaka thelathini na nne katika gereji moja kando ya barabara kuu, nikifungua malori yanayotoka Zambia na yanayokwenda huko. Goti lilipoanza kunigomea niliacha kazi, nikarudi nyumbani kukaa. Kukaa kwenyewe kukanishinda. Wiki ya tatu mke wangu Tabitha alinikuta nimefungua cherehani yake iliyokuwa nzima kabisa, nataka kujua kwa nini haipigi kelele. Hakunigombeza. Aliokota nati moja moja, akaziweka kwenye kisahani, akaniambia, "Baba Neema, tafuta gari."

Gari lilikuwepo kwao, kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, mbele kidogo ya Vwawa. Lilikuwa pikapu la Kijapani la zamani, pua ndefu, injini ya petroli yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili. Baba mkwe alilinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa amemaliza mkataba anarudi kwao. Wakulima wenzake walinunua magari ya kubeba. Yeye alinunua la kubeba na kukimbia. Sisi watu wa huku tuna kimondo chetu, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka juu likalala Mbozi mpaka leo, wageni wanakuja kupiga nalo picha. Watu walipoona pikapu hilo likiyapita mabasi kwenye mlima Senjele na magunia ya kahawa mgongoni, wakasema hiki ndicho kimondo kinachotembea. Wazee wa kule wanakumbuka hadi leo mkono wa kushoto wa baba mkwe ukitoka dirishani, ukiwapungia walioachwa nyuma.

Baba mkwe alipofariki, Kimondo kiliingizwa kwenye stoo ya kahawa, na kikakaa humo miaka kumi na tisa.

Siku nilipokwenda kukiomba niliikuta familia imeshafikia uamuzi mwingine. Shemeji yangu Ezekia, kaka yake Tabitha, ndiye anayeendesha shamba sasa. Ni mtu mwema, ila anapenda vitu viwe na kazi. Alinikaribisha sebuleni, tukanywa chai, kisha akasema, "Shemeji, umekuja wakati mzuri. Watu wa chuma chakavu wanakuja Alhamisi. Wana lori na mtungi wa gesi wa kukatia chuma."

"Wanakata nini?"

"Gari la mzee. Nataka stoo yangu."

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana wengine kwenu limeshaisha. Sisi tulilelewa kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja, hawapeani mikono, wala hawazungumzi ana kwa ana. Heshima ndiyo hiyo. Ukimwona anakuja njiani unapisha porini. Mimi na mama mkwe wangu, Mama Anyesi, tumeheshimiana hivyo tangu nilipomwoa binti yake. Kwa hiyo siku ile yeye alikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kiasi cha sikio, na Tabitha ndiye aliyekuwa akipita katikati kupeleka maneno.

Tabitha aliingia, akatoka. "Mama anauliza kama gari linaweza kupona."

"Mwambie mama nitalitazama."

Akaingia, akatoka. "Anasema kutazama hata mbuzi anaweza."

Ezekia aliinamia kikombe chake asionekane anacheka. Mimi nikajikuta nasema neno ambalo fundi mwenye akili halisemi kabla hajafungua boneti. "Mwambie nitaliwasha, na litapanda kilima hiki lenyewe."

Nyumba yao iko juu. Kutoka barabara kuu unapanda njia ya udongo, miteremko ya kahawa huku na huku, mahali pengine unaona anga tu mbele ya boneti. Ezekia akaweka kikombe chini. "Sawa, shemeji. Kahawa ikianza kuiva, lije hapa. Likipanda kwa miguu yake, sitatamka tena chuma chakavu. Likivutwa kwa kamba, linakatwa hapo hapo linaposimama."

Tukapakia Kimondo kwenye lori, pamoja na kuku mmoja ambaye mama mkwe alimpa binti yake, tukarudi Mpemba.

Sasa njooni uani kwangu. Ukitaka kufufua gari la zamani nyumbani, adui wako wa kwanza si kutu. Ni jiko. Ndani ya mwezi mmoja pistoni zangu zilikuwa kwenye sufuria ya maharage, nati kwenye makopo ya mafuta ya kujipaka, na distributa iko kwenye kabati la vyombo kwa sababu huko hakuna vumbi. Tabitha alivumilia mpaka siku alipokunywa chai yenye ladha ya grisi. Kuanzia hapo nilipewa kona yangu na maturubai mawili, na amri kwamba chochote chenye mpini wa jikoni kirudi jikoni.

Makopo hayo msiyadharau. Kila ulichofungua kiweke kwenye kopo lake, andika kimetoka wapi, na ukiwa na simu piga picha kabla hujagusa. Sisi hatukuwa na simu. Mimi nilifundishwa na Mzee Sichalwe, fundi mkuu wa gereji yetu, Mungu amrehemu, ambaye alituchoresha. Unataka kufungua gia boksi, lete kwanza karatasi uichore. Kuchora sikuweza. Gia boksi yangu ya kwanza ilifanana na mihogo. Mzee Sichalwe aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii ukiifunga kama ulivyoichora, gari litakwenda kanisani lenyewe kuomba."

Injini ya Kimondo ilikuwa imekamata. Unaweka spana kwenye nati ya mbele ya krenki, unavuta, kama unavuta ukuta wa nyumba. Kijana wa leo hapo anatafuta bomba refu aongezee spana, anapanda juu, anaruka. Nawajua, maana mimi mwenyewe niliruka. Mwaka wangu wa kwanza gerejini kulikuwa na lori la mtu wa Zambia lenye bolti moja ya silinda hedi iliyokataa kutoka. Mzee Sichalwe alikwenda kula. Nikataka akirudi akute nimemaliza. Nikaongeza bomba, nikaruka, bolti ikakatikia ndani. Mzee alirudi, akaona, hakupaza sauti hata kidogo. Alinipa tupa ndogo na keekee ya mkono, akaniambia nitoe kipande hicho, na lori haliondoki wala mimi siondoki mpaka kitoke. Kilichukua siku mbili. Mwenye lori alikaa kwenye ndoo pembeni, akinitazama kila nikipumzika. Hakuna shule iliyonifundisha kama macho ya mtu yule.

Kwa hiyo Kimondo sikukirukia. Nilifungua plagi zote sita, nikamimina kwenye kila tundu dizeli iliyochanganywa na mafuta mepesi ya gia, nikafunika, nikaondoka. Kila asubuhi nilikwenda, nikavuta taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, nikaongeza mafuta, nikaacha. Majirani walidhani naliombea. Siku ya tisa nilisikia kitu kidogo, mlio wa mtu anayejinyoosha mgongo, na krenki ikasogea upana wa kidole. Nikaenda jikoni kumwambia Tabitha. Alikuwa anasonga ugali. "Imesogea," nikasema. "Nini?" "Injini." "Kiasi gani?" Nikamwonyesha kidole. Akasema, "Basi kwa mwendo huo Vwawa watafika wajukuu," lakini nilimwona anatabasamu kwenye mvuke.

Nilibadilisha ringi, nikasaga vali kwa mkono, nikapeleka krenki kwa mtu wa mashine ya kukerezea mjini. Sakafu ya bodi nilikata yote iliyooza. Hapo nawaomba sana, msifunike kutu kwa puti mkapiga rangi juu. Gari linang'aa mwaka mmoja, mwaka wa pili mguu wa abiria unagusa lami. Kata mpaka ukutane na chuma cheupe, ndipo uchomelee bati jipya.

Na kwa ninyi mnaopenda mwendo, mnaotaka injini iungurume mpaka vioo vya maduka vitetemeke, nasema hivi: mimi pia napenda. Nilipanua njia za kuingiza hewa, nikazisugua kwa msasa hadi zikawa laini, nikafunga sailensa yenye bomba pana. Lakini kabla ya yote hayo nilitoa breki za mbele za kizamani nikaweka za diski kutoka gari jipya zaidi, nikafunga mikanda ya viti. Watu wanacheka mikanda kwenye gari la kizamani. Wacheke. Nimeshavuta magari mengi kutoka mitaroni, na sikumbuki hata moja lililokuwa na tatizo la kukosa mwendo.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Kabureta mbili zina sifa ya kunywa petroli na ya kugombana. Ya mbele inalisha silinda tatu, ya nyuma inalisha tatu, na zisipovuta sawasawa injini inatembea kama ng'ombe wawili wasiopendana kwenye jembe moja. Kuzilinganisha kunataka sikio. Mzee Sichalwe alikuwa anaweka mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, anasikiliza inavyovuta hewa, anahamia ya pili, anazungusha skurubu mpaka zote zinaimba sauti moja. Mimi sikio langu la kulia limeliwa na honi za malori, na la kushoto linasikia linapotaka. Nilijaribu siku tatu. Injini ikawa inatetemeka, inapiga chafya, inazima.

Nikafanya siri. Nilizitoa zote mbili, nikazifunga kwenye gazeti, nikazisukuma chini ya kitanda, nikafunga kabureta moja ya gari lingine. Injini ikawaka na kutulia. Nikajiambia nani atajua. Boneti nikaifunga.

Wiki ile ile mama mkwe alikuja kwetu kwa kipaimara cha mjukuu, akae siku chache. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, amenyooka, na kila asubuhi alitaka kukaa kwenye baraza la jikoni apate jua. Baraza hilo linatazamana na kona yangu. Ikabidi Tabitha atundike kanga mbili kwenye kamba katikati yetu, mimi nifanye kazi upande huu na mama akae upande ule. Nilikuwa naona miguu yake tu na ya kigoda.

Nikaona ni nafasi ya kujisifu. Nikaingia ndani ya gari, nikawasha. Kimondo kikanguruma mara moja. Majirani wakachungulia. Nikakanyaga resi kidogo, nikaachia, injini ikashuka vizuri. Nikazima, nikasubiri sifa.

Nyuma ya kanga mchicha ukaendelea kuchambuliwa. Kisha sauti ya mama mkwe, polepole, kwa Tabitha. "Muulize mume wako, ya pili ameipeleka wapi."

"Ya pili nini, mama?"

"Kabureta. Gari linapumua kwa tundu moja la pua."

Tabitha alitokea pembeni ya kanga akanitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Miaka thelathini na nne ya ufundi, na nimekamatwa na bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda akichambua mchicha, ambaye hata gari halioni.

"Mwambie mama ziko chini ya kitanda," nikasema.

"Anasema watu hulala juu ya godoro, siyo juu ya kabureta," akarudisha Tabitha. "Anasema uzirudishe."

Nilipomfuata jikoni kumuuliza mama yake amejulia wapi mambo haya, Tabitha aliendelea kukatakata vitunguu. Kisha akacheka, akafuta machozi ya vitunguu kwa mgongo wa mkono.

"Baba Neema, katika miaka yote hii hujajiuliza kwa nini kila mtu anakumbuka mkono wa kushoto wa baba?"

"Alikuwa anapunga."

"Dereva wa nchi hii anakaa kulia. Mkono wa kushoto unapungaje nje ya dirisha?"

Nikakaa kwenye gunia la mahindi.

Ndivyo nilivyopata habari. Yule mhandisi aliwafundisha baba na mama wote wawili kuendesha, na aliyeelewa alikuwa mama. Baba alikuwa anaogopa mwendo, akifika kwenye mteremko anafumba macho. Kwa hiyo mama ndiye aliyeendesha, amevaa koti la mume wake na kofia, na baba anakaa pembeni anapungia mabasi. Wakikaribia mji wanasimama, wanabadilishana viti, baba anaingia sokoni mwendo wa pole na watu wanamshangilia. Tabitha alikuwa mdogo, anakaa katikati, ameapishwa asiseme. Ezekia alikuwa shule ya bweni, hakuwahi kujua. Baba mkwe aliona aibu, na mama alimpenda kuliko alivyopenda sifa, basi.

"Na mimi mumeo hukuniambia."

"Hukuniuliza," akasema, akaweka vitunguu kwenye mafuta.

Kesho yake nilizirudisha kabureta zote mbili. Vipuri vyake vya ndani nilivipata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa Bwana Mulenga, muuza spea ninayemjua tangu ujana. Alizigeuzageuza mkononi, akasema, "Mudala, mzee wangu, hivi vitu nilidhani vimebaki picha tu." Akachimba kwenye makasha yake saa nzima akanitolea diaframu na sindano mpya. Nikamwambia natotela, ndiyo asante ya kwao, nikarudi mbio.

Ilibaki kazi ya sikio. Sikio zuri la nyumba ile lilikuwa nyuma ya kanga na haliwezi kusogea kwangu. Nikakata mpira wa kumwagilia bustani, kiasi cha hatua tano, ncha moja nikaiweka kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine nikaipitisha chini ya kanga. Niliona mkono wa mama mkwe ukishuka, ukaupokea.

Injini ikawaka. Mama anasikiliza, anamwambia Tabitha, Tabitha ananiambia. "Ya mbele robo mzunguko." "Nyuma." "Umezidisha." "Anasema umezidisha tena." "Anasema... hilo siwezi kukwambia, lakini rudisha." Tulikwenda hivyo saa nzima. Mwishowe Tabitha alivua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso. "Mimi siyo simu," akasema, akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Tukabaki wawili, kanga katikati, injini ikiwaka. Nani aseme? Hakuna wa kupitishia neno. Nilishika bisibisi, nikangoja. Mguu wa mama mkwe ukagongagonga chini. Ndipo yule kuku aliyekuja na gari akapita akidonoa mbele ya baraza, na nikasikia mama mkwe akikohoa.

"Wewe kuku," akasema, kwa heshima kabisa, "legeza ya nyuma kidogo."

Nikalegeza. Nikasafisha koo. "Kuku, nimelegeza."

"Kuku, hamisha mpira."

"Kuku, nimehamisha."

"Sasa kuku, kaza ya mbele unywele mmoja tu. Unywele, kuku, siyo kamba."

Nilikaza unywele. Na pale, vijana wangu, hata sikio langu bovu lilisikia. Mtetemo ulikwisha. Silinda sita zikaunganika zikawa mlio mmoja mzito, mtamu, unaingia kifuani kabla ya masikioni. Nati zilizokuwa kwenye kopo juu ya bodi zikaacha kugongana. Nyuma ya kanga mama mkwe aliuweka mpira chini. Kisha akasema polepole, na safari hii sidhani alikuwa anamwambia kuku, "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo yenyewe."

Kahawa ikaanza kuiva. Siku ya kukirudisha Kimondo tulitoka kanisani moja kwa moja, mimi na suti yangu, Tabitha pembeni amefunga mkanda. Mama mkwe alikuwa amesharudi kwake. Lami tuliila vizuri. Malori yalipiga honi, vijana wa bodaboda wakatukimbiza wapige picha, na mimi nilikuwa na adabu ya mwendo, karibu muda wote. Tulipofika pale njia ya udongo inapoanza, niliona juu kabisa watu wamekusanyika uani, na pembeni yao lori la wale wa chuma chakavu. Ezekia alikuwa mtu wa maneno yake.

Nikaingia kilima na gia ya pili. Kimondo kilipanda nusu ya kwanza kikiimba. Nusu ya pili, pale anga linapojaa kioo, kikakohoa mara moja, mara mbili, kikazima. Nikavuta breki ya mkono. Nikawasha, kikashika, kikazima. Nikafungua boneti. Moto upo, plagi safi, kabureta zote mbili kavu. Mafuta hayafiki. Nikapuliza bomba, safi. Pampu inavuta. Mshale wa tangi unaonyesha mafuta yamo. Jasho likanitoka ndani ya suti. Miaka yote ile ya kuyaondolea malori matatizo, na hapa nimesimama katikati ya kahawa sijui hata nianzie wapi. Kule juu niliona mtu mmoja akianza kushuka na kamba begani.

Tabitha aligusa mkono wangu. "Mama anakuja," akasema.

Alikuwa anashuka kwa miguu, amempita mwenye kamba, fimbo mkononi, na Ezekia nyuma yake akimsihi apunguze mwendo. Mimi kwa heshima nikaruka mtaro nikasimama kwenye miti ya kahawa. Alifika, akaligonga tangi kwa fimbo chini ya bodi, akasikiliza mlio, akamwambia Tabitha, "Mwambie mume wako apande nyuma."

"Nyuma wapi, mama?" akauliza Ezekia.

Mama mkwe alifungua mlango wa dereva, akapanda, akasogeza kiti mbele mara mbili bila kutafuta kishikio. Akaliachia gari lirudi nyuma lenyewe polepole hadi mahali pana, kwenye kichaka cha miti michanga ya kahawa, akaligeuza, pua ikatazama barabara kuu na matako yakatazama nyumbani. Nikapanda nyuma, nikashika ukingo wa bodi. Akawasha. Kikawaka. Kisha akaweka gia ya kurudi nyuma, akageuza shingo, akakanyaga.

Tulikipanda kile kilima kinyumenyume, vumbi jekundu likipaa, injini ikinguruma sawasawa bila kukohoa hata mara moja, na mimi fundi mkuu nikiwa wa kwanza kufika, nimesimama na suti mbele ya watu wote kama mgeni rasmi. Mtu wa kamba aliruka pembeni. Mama mkwe alizungusha ua mzima, akasimama kwenye mlango wa stoo, akazima.

Ezekia alifika akihema. Alimtazama mama yake akishuka, akatazama mikono yake, akatazama usukani. Niliona anavyopanga hesabu kichwani, miaka yote ile aliyowasimulia watu jinsi baba yake alivyoyapita mabasi Senjele.

"Mama," akasema. "Baba aliwahi kuendesha hili gari?"

"Sokoni," akasema mama mkwe. "Aliingia nalo sokoni vizuri sana. Hakuna aliyeingia sokoni kama baba yako."

Ezekia alikaa juu ya gunia, akaanza kucheka, mwanzo kidogo, kisha mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko ukaona macho yamejaa. Aliinuka, akaenda kwa wale wa lori. Sikusikia alichowaambia. Walikunywa chai, wakaondoka na masufuria mabovu mawili.

Mimi nilikuwa nimeshuka, nimejibanza nyuma ya gari kwa heshima, nikijipukuta vumbi. Nikasikia fimbo inakuja upande wangu. Nikatafuta pa kupisha, hapakuwepo, ukuta wa stoo huku na Kimondo huku. Nikainamisha kichwa. Alisimama hatua mbili mbele yangu. Hapakuwa na kanga, Tabitha alikuwa jikoni, na kuku wote wa ua ule walikuwa wamekimbia kelele.

"Fundi," akasema.

Katika maisha yangu ya ndoa hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe.

"Naam, mama."

"Mzee alilifunga tangi hili kwa mikono yake. Alilifunga nyuma mbele. Bomba liko upande wa mbele, mafuta yakipungua ukipanda yanakimbilia nyuma, bomba linavuta hewa. Tulikuwa tunajaza pomoni, na tukisahau tunapanda hivi ulivyoona. Sikutaka kumwambia alikosea." Akaligonga tangi kwa fimbo. "Wewe ulilitoa, ukalisafisha, ukalirudisha vile vile bila kuuliza."

"Ni kweli, mama."

"Basi ligeuze."

Akaondoka kwenda kuangalia chakula. Mimi nikavua koti la suti, nikalitundika kwenye kioo cha pembeni, nikamwomba Ezekia jeki na spana namba kumi na saba. Goti lililalamika, sikulisikiliza. Niliingia chini ya Kimondo na shati langu la kanisani, nikaanza kufungua tangi.